Pombe Haipendi Maneno

Mwezi uliopita binti yangu alianzisha chupa ya tangawizi jikoni kwetu, hapa Same mjini. Alijifunza kwenye simu, kama wanavyojifunza kila kitu siku hizi, kuanzia kusuka nywele mpaka kutafuta mchumba. Alisaga tangawizi, akatia sukari na maji, akafunga kitambaa mdomoni mwa chupa, akaiweka karibu na jiko la gesi. Mimi sikuwa na habari. Niliingia jikoni na hasira zangu za kawaida, nataka kujua nani ameacha sufuria ya maharage wazi nzi wajipigie karamu, na kabla sijafungua mdomo harufu ikanifikia. Tamu kwanza, halafu ukali kidogo unaofuata nyuma. Nikajikuta nanong'ona.

"Nani ameacha sufuria wazi?"

Binti akanitazama. "Mama, koo linauma?"

Halikuwa linauma. Nikamwambia afunike sufuria, nikatoka kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Nilisimama pale kwenye kamba nikijishangaa, mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa na shinikizo la damu, nimetishwa na chupa. Mwili una desturi zake ambazo kichwa kilikwisha kuziacha.

Nilikulia Vudee, juu milimani, katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Baba alifanya kazi kwenye gereji huku chini Same, kando ya barabara kuu, akipanda kwetu Jumamosi mchana na kushuka Jumapili jioni. Mama alitoka Kighare, Ugweno, upande mwingine kabisa wa Upare, na watu wa Vudee walimwita Mgweno mpaka siku aliyoondoka. Walisema ni utani. Mimi nilikuwa mtoto pekee, jambo ambalo wageni walilitaja mbele yangu kwa sauti ya pole, kama vile nina kilema ambacho sijaambiwa.

Bibi alitengeneza dengelua, pombe yetu ya miwa. Sisemi alikuwa muuza pombe. Angenitandika kwa neno hilo hata huko aliko. Alitengeneza kwa ajili ya watu: siku ya msaragambo, wanaume wanapokwenda kwa pamoja kuzibua ndiva, lile bwawa la maji ya kumwagilia mashamba, siku ya posa, siku ya kumaliza matanga, na Jumapili nyingi tu ambazo hazikuwa na sababu yoyote zaidi ya kwamba ni Jumapili. Mchungaji alikuwa akisema ibadani kwamba pombe ni shimo. Mzee Elieza, jirani yetu na mzee wa kanisa, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, na ibada ikiisha alipitia nyuma ya migomba kwetu ili barabara isimwone.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi nyumba za zamani zilivyokuwa na kanuni zake, usipige mluzi usiku, usikalie kinu, usifagie mgeni akiwa ndani. Kwetu kanuni kubwa ilikuwa moja. Pombe ikiwa mtungini inapanda, yaani inachacha na kutoa povu, hakuna kupaza sauti ndani ya nyumba. Hakuna kubamiza mlango. Mwanamke asiyeelewana na mumewe hashiki chujio. Mwenye ugomvi wake autoe nje, auvushe migomba, akaumalizie huko.

"Pombe haipendi maneno," Bibi alisema. "Ikisikia maneno inakataa."

Kukataa ni kubaki maji matamu yasiyo na nguvu, halafu kugeuka siki. Na pombe ikikataa ilikuwa ni aibu ya hadharani, maana watu walionja, wakatazamana, na mmoja akauliza kwa upole wa kinafiki, "Jamani, humu ndani kuna salama kweli?" Siku ya pili kijiji kizima kinajua kwamba kwa bibi fulani hakuna amani. Ndiyo maana Bibi alilinda mtungi wake kama mtu anayelinda jina.

Baba na Mama walikuwa wanagombana. Hawakupigana, hilo niliseme mapema. Lakini walikuwa na maneno. Yalianza Jumamosi baada ya kula na kuendelea Jumapili asubuhi wakati wa kuvaa nguo za kanisani, na yalikuwa yale yale.

"Tutashuka lini wote?" Mama aliuliza.

"Nimepanga chumba kimoja, Mama Namkunda. Tutalala wapi watu watatu?"

"Pale pale unapolala wewe."

"Hujui maisha ya mjini."

"Ndiyo, sijui. Nionyeshe."

Hapo sauti zilipanda. Mimi nililala chini ya blanketi na vidole masikioni, nikiwaza kuhusu chumba hicho. Nilidhani shida ni ukubwa. Nilikuwa nikipima kwa macho nafasi niliyolalia, najikunja, najikunja tena, ili siku nikipata nafasi nimwambie Baba kwamba mimi natosha kwenye kona. Nilikuja kujua nikiwa sekondari kwamba chumba kile kilikuwa na mama mwingine na mtoto wa kiume. Wakati huo nilijua kujikunja tu.

Niliogopa Mama angeondoka. Hakuna aliyeniambia, ila nilikuwa nimeona. Mama wa rafiki yangu alipigizana kelele na mumewe mchana kweupe, akafunga kanga zake, akaenda. Mama wa pale juu ya shule vivyo hivyo. Kwa hesabu zangu za kitoto, mama huondoka kwa kelele. Kelele ndiyo mlango anaotokea. Zuia kelele, mama atabaki. Nani angenipinga?

Na nilikuwa nimegundua kitu. Jumamosi ambazo mtungi wa Bibi ulikuwa unapanda, Baba na Mama hawakugombana. Baba, ambaye hakumwogopa mchungaji wala balozi wa nyumba kumi, aliogopa mtungi. Mama, ambaye kwao Ugweno hawakuwa na kanuni hiyo na aliwahi kuniambia pembeni kwamba ni ushamba, aliitii kwa sababu alikuwa mkwe, na mkwe anatii. Walikula kimya. Walilala kimya. Asubuhi walisema, "Umeamkaje," "Salama," na tukaenda kanisani tukiwa familia nzuri sana.

Shida ilikuwa kwamba Bibi hakutengeneza kila wiki, na mara nyingi alipotengeneza aliipangilia iwe imeiva Jumamosi mchana. Wakati Baba anavua viatu, pombe ilikuwa imekwisha tulia, watu wanakunywa, kanuni imekwisha kazi yake. Basi nikaamua lazima pawepo na kitu kinachopanda nyumbani kwetu kila Jumamosi mpaka Jumapili jioni. Nikamwendea Bibi.

"Bibi, nifundishe."

Bibi alikuwa anakwangua muwa. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mkono ukiwa wako, hautumwi," akasema, akanipa kisu.

Nikajifunza. Nilijifunza kukwangua muwa bila kupoteza utamu wake kwenye ganda, kuukata vipande, kuutwanga kwenye kinu mpaka mikono inatetemeka, kukamua makapi kwa kuyanyonga kama nguo, kuchuja. Nilijifunza mwegea. Mwegea ni tunda la mti, refu na gumu kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko, usilolila. Unalipasua, unalichemsha, unalikausha, na ukilitia kwenye maji ya miwa ndilo linaloamsha pombe. Vipande vya Bibi vilining'inia juu ya jiko, vyeusi kwa moshi, na alikuwa amevirithi kwa mama mkwe wake, naye kwa wake. Vikitumika vinasuuzwa, vinakauka, vinangoja siku nyingine. Mimi niliamini ndivyo vinavyosikia. Nilikuwa nikiviamkia asubuhi, kwa siri, "Shikamoo," nikiamini mtu akiwa na umri ule anastahili.

Bibi alinipa kibuyu changu kidogo na vipande viwili vya mwegea. Alinipa mipaka pia: kuonja ni kwa ncha ya ulimi wakati bado ni tamu, na siku atakayonikuta nimezidisha, atanitwanga badala ya miwa. Hakukuwa na haja ya vitisho. Mimi sikutaka kunywa. Nilitaka ichemke.

Jumamosi ya kwanza Baba aliingia, akaweka kofia yake msumarini, akamtazama Mama kwa ile sura yake ya kujihami. Mimi nikasimama katikati.

"Baba, shikamoo. Kibuyu changu kinapanda."

"Marahaba. Kibuyu gani?"

Bibi akadakia kutoka jikoni. "Mjukuu wangu ameanza kazi. Chungeni midomo yenu, msimharibie mtoto ya kwanza."

Baba alicheka. Mama hakucheka, ila alitikisa kichwa, akapakua chakula. Tukala kimya kabisa. Nilisikia kibuyu kikipumua kule pembeni mwa jiko, tup, tup, nikajiona nimeweza. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na madaraka kama yale, na nimewahi kuwa mwenyekiti wa kikoba.

Lakini kazi ilikuwa na ugumu wake. Maji ya miwa hayana subira. Siku za joto yalipanda haraka, kufika Jumapili asubuhi povu limelala, kibuyu kimenyamaza, na Mama amekwisha fungua mdomo: "Baba Namkunda, lile swali langu." Wakati wa baridi, ukungu ukikaa juu ya Vudee kuanzia alfajiri hadi jioni, kilijikokota hadi Jumapili usiku, na hapo ilikuwa raha. Kwa hiyo nikaanza majaribio. Nilisogeza kibuyu mbali na jiko. Nilikitumbukiza kwenye beseni la maji ya baridi, kikasusa, nikakirudisha kwa kuomba msamaha. Nilipunguza mwegea. Nilianzisha kibuyu kimoja asubuhi na kingine jioni ili cha pili kipokee zamu cha kwanza kikichoka, na mbinu hiyo nilijisifu nayo wiki nzima.

Halafu nikatoka kwenye miwa. Nilifanya togwa ya mahindi na kimea cha ulezi niliouotesha mwenyewe chini ya gunia lenye unyevu. Nilifanya maganda ya nanasi, nanasi ambalo Baba alileta kutoka chini. Nilichanganya asali na tangawizi, ikatoka kitu kikali ambacho Mzee Elieza alikinywa kwa uso wa mtu anayeungama. Ndizi zilinishinda mwanzoni. Zilivuta kama mlenda na kunuka kama soksi, tukawapa nguruwe wa jirani, nao wakafikiria kwanza. Nilipozitia ulezi zikakubali, na Baba akaonja akasema, "Basi tena, tumezaa Mchaga." Hata Mama alicheka siku hiyo. Nilicheka kuliko wote. Niliona mpango wangu umezaa matunda: Baba na Mama wamecheka kitu kimoja, kwa wakati mmoja, ndani ya nyumba moja.

Kadiri miezi ilivyokwenda, nyumba ikawa tulivu. Bibi akatamba kwa majirani kwamba mjukuu amepata mkono. Mama akapunguza kuzungumza hata siku ambazo hapakuwa na kibuyu, na mimi nikaandika hilo kwenye ushindi wangu. Siku moja nilimwomba anishikie chujio, mikono yangu ikiwa imejaa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mwite bibi yako," alisema.

"Ni kushika tu, Mama."

"Mimi siwezi kushika chujio, Namkunda. Wewe unajua."

Nilidhani mikono yake ni michafu kwa ajili ya kupalilia. Nikamwita Bibi. Bibi akaja, akalishika chujio, akamtazama Mama, na wote wawili wakawa wanatazama maji ya miwa yanavyoshuka kama vile kuna la kusoma humo.

Sasa nafika kwenye Jumamosi yenyewe. Wanaume walikuwa wamemaliza kuzibua ndiva wiki hiyo na Jumapili wangekuja kwetu kunywa. Alfajiri Mama alinikuta nje nafua soksi zangu za shule. Alichuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Namkunda, leo usitengeneze kitu."

"Kwa nini, Mama?"

"Nataka kuongea na baba yako."

"Kuongea nini?"

"Kuongea tu. Leo moja. Umenisikia?"

Nilisema nimesikia. Na kweli nilisikia, ila katika nyumba yetu kuongea na kugombana vilikuwa kitu kimoja. Sikuwahi kuona kimoja bila kingine. Mama alichukua kikapu akaenda shamba kuchuma maharage. Nikabaki na soksi zangu. Niliona mlango umefunguka na yeye anatoka na kanga zake.

Bibi akaniita. Alikuwa amesimama karibu na mtungi mkubwa, ule wa wageni, akipangusa vumbi.

"Leo," alisema, "utaushika wewe. Mimi mgongo umekataa. Tuianzishe sasa, iwafikie kesho baada ya kanisa."

Mtungi mkubwa! Mama alikuwa amenikataza, na Bibi alikuwa amenikabidhi, na mimi nikachukua lile lililonifaa. Sikumwambia Bibi neno la Mama. Tulitwanga asubuhi nzima, majirani wawili wakitusaidia, na Mama aliporudi na maharage yake alikuta mtungi umefunikwa jani la mgomba, pembeni ya jiko, unaanza kunguruma. Aliutazama mtungi. Akanitazama mimi. Akaketi, akaanza kumenya maharage.

Jioni Baba alikuja. Tulikula makande. Mama alingoja mpaka Baba amenawa, akajifunika kanga vizuri mabegani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Namkunda, leo nina neno."

"Mama, mtungi unapanda," nikasema. Haraka. Nilikuwa nimeketi tayari nimejiandaa, kama golikipa.



Bibi alisogeza bakuli lake. "Mama Namkunda, mwanangu," alisema, na nakiri alisema kwa upole, "kesho watu wa ndiva wote wako hapa. Liweke. Watu wakiondoka utalisema."

Mama alimtazama Baba. Alimtazama muda mrefu kiasi kwamba mimi nikaona aibu. Baba alikuwa anatazama makande.

"Desturi ni desturi," Baba akasema, na kuongeza kijiko. Hata mimi, mtoto, nilisikia unafuu katika sauti ile, nikafurahi nao, nikadhani tuko upande mmoja.

"Haya," Mama akasema.

Kesho yake dengelua ilikubali kuliko zote zilizowahi kutoka nyumba ile. Ilikuwa na povu safi, ukali wake umekaa sawasawa, na utamu umebaki kidogo tu wa kumkumbusha mtu kwamba ilikuwa miwa. Bibi alionja kwanza mbele ya wageni, kama ilivyo ada, mwenye pombe aonyeshe haina baya. Mzee Elieza akanywa, akafumba macho, akasema, "Hii ni ya nyumba yenye amani." Wengine wakaitikia. Wakaniita mbele. Wakanishika kichwa. Mama alikuwa akizunguka na vibuyu vya kunywea, akiwahudumia, ananyenyekea kwa kila mzee, na waliomwita Mgweno siku zote walimwita mama siku hiyo. Baba alikuwa amenyoosha miguu anacheka.

Jioni Mama alimsindikiza Baba mpaka barabarani panaposimama gari la kushuka. Alirudi, akaosha vyombo vyote.

Jumanne ilikuwa siku ya gulio. Mama alijitwika kikapu chake, akanitengeneza kola ya sare, akasema nikae na bibi yangu vizuri. Nilimwambia aniletee kashata. Alisema sawa. Hakubamiza mlango, aliurudisha taratibu mpaka ukagusa fremu, na mimi nikaenda shule.

Hakurudi. Jioni nilikaa kizingitini. Siku ya pili pia. Mwishoni mwa wiki tukapata habari kutoka kwa dereva kwamba alionekana akipanda gari la Mwanga, na baadaye salamu zikaja kwamba yuko kwao Kighare, mzima, anasaidia mama yake shamba, tusiwe na wasiwasi. Mimi sikuwa na wasiwasi. Watu hawaniamini nikisimulia hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na hakika Mama amekwenda kusalimia, kwa sababu hapakuwa na ugomvi. Shuleni waliponiambia, "Mama yako kaachika," niliwapinga kwa ushahidi: nyumbani kwetu kuna amani, waulize watu wa ndiva, pombe ilikubali. Niliwapinga muhula mzima. Mwalimu wa darasa aliacha kuwakemea waliokuwa wakinicheka, nadhani alichoka.

Aliyeumia waziwazi alikuwa Bibi. Alikuwa na mabaki ya dengelua ile kwenye kibuyu, na nilimkuta akionja tena, peke yake, mchana. Akatema. Akaonja tena. "Mbona ilikubali?" aliniuliza mimi, kama mtu aliyedanganywa na rafiki wa miaka mingi. Baba aliendelea kuja Jumamosi, kisha akapunguza. Kibuyu changu kilikaa juu ya dari na sikukidai.

Niliishi na Bibi mpaka nikamaliza darasa la saba, na likizo nilikwenda Kighare. Mama hakuwahi kueleza na mimi sikuwahi kuuliza. Tulikuwa tunafundishwa hivyo; mtoto haulizi mambo ya wakubwa, na ukishakuwa mkubwa unaona haya kuuliza kwa sababu umechelewa. Nimeishi na hilo bila kelele. Sikulia sana, sikuandama mtu. Ila mume wangu ananilalamikia kwamba nikikasirika nanyamaza, na kwamba ni afadhali nimrushie sahani. Ana haki.

Jumamosi baada ya mambo ya jikoni nilipanda gari mpaka Mwanga, nikachukua bodaboda kwenda juu. Mama ni mzee sasa lakini bado analima, na nilimkuta barazani anamenya ndizi mbichi za mchana. Nilimwamkia, nikachukua kisu cha pili, nikaketi. Tuliongea habari za mvua, za mjukuu wake na simu, za bei ya mbolea. Ndizi zilikuwa zimebaki chache kwenye ungo nilipojikaza.

"Mama, ile Jumamosi ya mtungi mkubwa. Ulitaka kumwambia nini Baba?"

Hakuuliza Jumamosi ipi. Kisu chake kilisimama, kikaendelea.

"Nilitaka kumwomba," alisema. "Nilikuwa nimeshajua yote ya huko chini. Nilitaka nimwambie najua, na kwamba nakubali, anichukue tu na wewe, nitakaa chumba cha jirani, nitakaa popote. Nilikuwa tayari kupiga magoti, Namkunda. Mbele ya mama yake."

"Na mimi nikakunyamazisha."

"Ukaninyamazisha."

Nilitaka kusema pole. Nilikuwa na neno hilo mdomoni kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu na sasa halikutoka. Mama alitumbukiza ndizi kwenye maji, akachukua nyingine.

"Nikasema potelea mbali, nitangoja," akaendelea. "Amenisikia nikisema nina neno. Watu wakiondoka ataniuliza. Watu wakaondoka. Nikamsindikiza. Ile njia unaijua ilivyo ndefu. Nilitembea pole pole makusudi. Akaniuliza kama mbuzi wa Mzee Elieza ameshazaa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia amezaa mapacha." Alicheka kidogo, bila uchungu, na hicho ndicho kilichoniumiza, nikamkasirikia Baba palepale kwa hasira mpya kabisa, mimi ambaye Jumapili iliyopita nilikuwa nimempelekea dawa zake za miguu. "Gari likaja, akapanda, akanipungia mkono. Nikabaki pale barabarani. Kama angeuliza, hata kwa kukereka, hata 'ulikuwa unasema nini wewe,' ningebaki. Ningekuwa Vudee mpaka leo."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nimeanza.

"Hakuuliza yeye. Bibi yako hakuuliza. Niliporudi hapa, mama yangu mzazi hakuuliza," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza."